Gwakisa baba, kuhusu ngiri ya mtoto

Gwakisa baba, ndaga. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma nimejifunika blanketi mbili, huku Tukuyu mvua haijakatika tangu Jumapili na umeme unaenda unarudi, simu ikazima ndo maana sikukujibu palepale. Umeniuliza Lusajo ana miezi mitatu tu, hajabeba gunia, hajashika jembe, sasa hiyo ngiri kaitoa wapi? Na unasema shangazi yako ameshapiga simu kwamba ni mkwe wangu alikuwa anapandisha ndoo za maji ghorofani na mimba yake kubwa, na jirani yenu hapo Dar naye anasema ni busha kwa vile mko Pwani. Kila mtu ghafla ni dokta.

Nianze na mkwe. Mwambie hajakosea kitu, ndoo hazihusiki kabisa. Ingekuwa ni kubeba vizito basi Rungwe nzima tungezaa watoto wenye ngiri, maana huku mama anajifungua leo na jana alikuwa anatoka shamba na mkungu wa ndizi kichwani.

Sasa tulia usome, na usione aibu mama yako kukuandikia habari za korodani, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, kuona haya niliachia getini siku ya kwanza.

Kende hazianzi pale unapoziona. Mtoto akiwa tumboni, wiki ya tano ya sita hivi, zinaanza kujengeka juu kabisa, nyuma ya tumbo, jirani na figo. Na hapo hata kende hazijawa bado, ni kitu ambacho kinaweza kikawa kende au kikawa ovari, awe wa kike awe wa kiume vinafanana tu, mpaka kama wiki ya saba ndo ile kromosomu Y, ile ya urithi inayomfanya mtoto awe wa kiume, kama ipo inaanza kuamua. Akiwa wa kike zinashuka kidogo zinatulia kwenye nyonga. Wa kiume ndo ana safari, zinatakiwa zitoke kule kwenye figo zishuke zipite kinenani mpaka nje kwenye mfuko, kwa sababu mbegu zinataka ubaridi kidogo kuliko joto la tumbo.

(Tembo lakini hana safari hiyo. Kaka yako anayeendesha watalii Ruaha aliwahi kuniuliza mbona tembo dume ukimwangalia kwa nyuma huoni kitu, nikamwambia zake zimebaki ndani kulekule jirani na figo maisha yake yote. Kwa nini yeye zinamfaa ndani na fahali wa baba yako zinahitaji nje, hilo wataalamu wenyewe bado wanabishana.)

Njia inafunguliwaje? Ule utando mwembamba unaofunika tumbo kwa ndani unatokeza kinenani kama kidole cha glovu, unashuka mpaka kwenye mfuko, na kende linapita nyuma yake. Mwezi wa saba wa mimba hivi linavuka kinena, kuelekea wa nane wengi washafika. Likishafika kile kidole cha glovu hakina kazi tena, kinatakiwa kijifunge na kusinyaa. Ndo hapo penyewe baba. Kwa Lusajo hakikujifunga, kwa hiyo akilia au akijikamua anapata choo, kipande cha utumbo kinateremka kwenye njia ambayo kende lilipitia, unaona uvimbe, akitulia kinarudi. Mlango haukufungwa baada ya mgeni kuingia, basi. Na kwenu ni upande wa kulia kwa sababu kende la kulia kwa kawaida ndo linachelewa kushuka, ngiri nyingi za watoto ziko upande huo.

Kikijifunga nusu kikabaki katundu kembamba, utumbo haupiti ila maji ya tumboni yanapita, mfuko unajaa maji. Hayo nayo watu wanaita busha, ila kwa mtoto mara nyingi yanakauka yenyewe ndani ya mwaka au miwili. Mabusha ya wazee wa Pwani anayosema jirani ni habari nyingine, yale ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu, inamkaa mtu miaka na miaka, haiwezi kuwa kwa mtoto wa miezi mitatu.

Usipoamini hiyo safari ya kutoka kwenye figo muulize baba yako. Mwaka ule jiwe la figo lilipomkamata unakumbuka alikuwa anajikunja kwenye kochi anasema maumivu yanashuka mpaka kwenye korodani, akadhani ana magonjwa mawili? Mishipa ya fahamu ya huko ilitoka nazo juu, ndo maana figo ikiuma huku chini panasikia, na ukipigwa mpira huku chini tumbo ndo linakunyonga unataka kutapika. Hata damu, mshipa unaopeleka damu kwenye kende unaanzia kulekule juu, chini kidogo ya pale inapoanzia mishipa ya figo, ulivutwa ukarefuka kama waya. Mimi nilivyofundishwa hilo darasani nilicheka peke yangu mwalimu akanitoa nje.

Umesema pia shemeji yako anawaambia msubiri, kwao mtoto kitovu kilitokeza kikarudi chenyewe. Ni kweli lakini ule ni mlango mwingine. Wiki ya sita ya mimba utumbo unakua haraka kuliko tumbo, na ini limejaza nafasi, kwa hiyo utumbo unatoka nje unaingia kwenye kitovu, unajizungusha huko, wiki ya kumi hivi unarudi ndani. Kila mmoja wetu alishakaa na utumbo nje baba. Baada ya kuzaliwa na kitovu kudondoka, ile pete ya kitovu inaendelea kukaza, wengi kufika miaka minne mitano imeziba, msifunge shilingi wala kitambaa, haisaidii kitu. Hata moyo una mlango wake wa tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama, mtu mmoja katika wanne unabaki haujashikana vizuri na anazeeka hajui.

Ila wa kinenani haujifungi ukishakuwa ngiri. Huo unafungwa na dokta. Opresheni yenyewe kwa mtoto ni ndogo, wanachana kidogo kinenani, wanakikata kile kimfuko na kukifunga juu, hawaweki nyavu kama kwa wazee. Msiahirishe mpaka aanze shule, mwaka wa kwanza ndo utumbo unapenda kunasa. Uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia hatulizwi, anatapika, ngozi inabadilika rangi, usinipigie mimi, usimpigie shangazi, chukua bajaji muende hospitali usiku huohuo.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Lile kovu lako kinenani kulia, tulilokwambia ulijikata na bati la banda la nguruwe, si bati. Ulizaliwa njiti, wiki ya 32, njia ilikuwa bado mbichi kabisa, na ngiri ikatoka ukiwa na mwezi mmoja. Walikupasua una miezi mitano. Nilikuwa sijasomea uuguzi bado, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba nilitwanga mahindi na mimba kwa hiyo nimemharibia mjukuu, nikaamini. Nilikaa na hilo neno kifuani mpaka siku ile nilipotolewa darasani. Nilicheka halafu nikakaa chini ya mti nikalia. Hadithi ya bati niliitunga mimi, sikutaka ukue unajua nilikuharibu, halafu nilipojua sikukuharibu nikawa nimeshazoea uongo.

Kwa hiyo meseji hii mpe mkwe asome mwenyewe, usimsimulie. Na shangazi yako niachie.

Niambie tarehe ya opresheni nijue nakata tiketi ya lini. Parachichi nimeshachuma, bado ngumu, zitaivia kwenye basi.

Mama.