Saa ya Ngome ya Graz: Mbona Mshale Mrefu Ndio wa Saa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilipofika Graz, Austria, nilipanda kilima cha Schlossberg kuona mabaki ya ngome. Saa ya mnarani ilinichanganya: mshale mrefu unaonyesha saa, mfupi dakika. Fundi alikosea, au kuna maana?

JIBU: Marahaba. Fundi hakukosea. Saa za minara za zamani zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, kwani mitambo yake iliweza kupotea hata robo saa kwa siku, dakika ungezipimaje? Hesabu ya dakika ilipata maana baada ya Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu, yaani inayoongozwa na uzito unaoning'inia na kuyumba, mwaka 1656. Graz walipoongeza mshale wa dakika, ule wa zamani waliuacha mahali pake, na mpya wakaufanya mfupi ili watu wasichanganye. Saa ya ngome ya Petrovaradin, Serbia, nayo iko hivyohivyo: wenye vyombo mtoni Danube walihitaji kuisoma saa kutoka mbali.

Kuhusu maana, usiishie kwenye mishale. Mnara ule umesimama ukingoni mwa kilima, juu kabisa ya mapaa ya mji, na nyuso zake za saa zina upana unaozidi mita 5. Kuta na mizinga ya ngome vilimngoja adui. Saa iliwasemesha wenyeji kila siku. Na ndani mna kengele tatu: ya kugonga saa, iliyotengenezwa mwaka 1382, ya kutangaza moto, na ya tatu iliyolia mtu alipopelekwa kunyongwa. Hii ya mwisho baadaye ilitumika kuwaamuru walevi warudi makwao. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito: mkono uliovuta kamba ya kengele ndio uliopanga kazi, usingizi na hata kifo cha mtu.

Lakini ona kilichotokea mwaka 1809. Jeshi la Napoleon lilishindwa kuiteka ngome, kisha mkataba wa amani wa Schönbrunn ukalazimisha ibomolewe. Wananchi wa Graz walichanga fedha wakaukomboa mnara wa saa pamoja na mnara wa kengele. Kuta za mtawala waliziacha zilipuliwe. Saa walikwisha kuiona ni yao.

Ukirudi huko, anza kusoma mshale mrefu. Na ukisikia saa inagongwa, inayolia ni ile kengele ya 1382.