Dafu na nazi: makundi mawili au tunda moja?

Swali: Katika shamba letu la majaribio tunaweka kumbukumbu za kila tunda la mnazi. Nimetengeneza ontolojia, yaani maelezo rasmi ya vitu na makundi yake yanayosomeka na kompyuta, kwa OWL, lugha ya kuandikia maelezo hayo, nikaweka Dafu, Koroma na Nazi kuwa makundi madogo ya TundaLaMnazi, kisha nikatangaza kwamba hayaingiliani. Miezi michache baadaye programu ya kuhakiki mantiki ikaanza kulalamika kuna ukinzani. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, tunda ulilolisajili kuwa dafu limekomaa, nawe ukalisajili tena kuwa nazi. OWL haijui jana wala leo. Kila ulichokiandika inakichukua kuwa kweli wakati wote. Kwa hiyo tunda namba 17 ni dafu na ni nazi kwa pamoja, jambo ambalo wewe mwenyewe umelikataza. Programu iko sahihi.

Usikimbilie kulifuta katazo. Ukinzani utatoweka, lakini hutajua tena tunda lilikuwa dafu lini.

Watafiti Nicola Guarino na Chris Welty, katika OntoClean, mbinu yao ya kukagua ontolojia, hutaka tuulize: je, kitu kinaweza kutoka katika kundi hili na bado kikawa kilekile? Dafu linaweza. Tangu ua lichavushwe hadi nazi ikomae hupita kama miezi 12, na muda wote huo tunda ni lilelile: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hizo ni hatua. Libakize kundi la TundaLaMnazi, halafu unda kundi la Uchunguzi, kila uchunguzi ukibeba tunda, tarehe na hatua.

Tui ni habari nyingine. Nazi ikikunwa na kukamuliwa haiingii hatua ya sita. Unapata vitu vipya, tui na machicha. Hapo tumia uhusiano wa "imetokana na".

Lakini mnunuzi sokoni huliweka dafu pamoja na vinywaji na nazi pamoja na viungo vya mchuzi, na hakosei. Mpangilio huo wa fikra za watu naupenda sana, na mahali pake ni SKOS, lugha ya kupanga dhana pana na finyu, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2009, mwaka uleule wa OWL 2. Ukisema humo kwamba Vinywaji ni dhana pana kuliko Dafu, hakuna hitimisho la kimantiki linalolazimishwa juu ya tunda namba 17.

Koroma ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu wakwezi wawili wanaweza kutofautiana juu ya tunda moja. Andika aliyeamua ni nani, na umri wa tunda kwa miezi.