Miti ya Matunda Uani: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Swali kutoka Shela, Lamu: Ua wangu una upana wa hatua kumi hivi, na maji ya kisima yana chumvichumvi. Nataka kupanda mndimu, mpera, mkomamanga na mkunazi pamoja. Je, itasitawi?

Jibu: Itasitawi, ndugu yangu, iwapo utaipanga kwa kuangalia jinsi kila mti unavyovumilia chumvi, si kwa kuangalia ni matunda gani mnayapenda zaidi nyumbani. Mkunazi na mkomamanga huvumilia ukame na chumvi kuliko hiyo mingine miwili, kwa hiyo ikae pembeni, mbali na maji matamu. Mndimu, kama ilivyo jamii yote ya michungwa, huanza mapema kuungua ncha za majani. Basi uwe karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya mvua kutoka kwenye paa au jabia yanaweza kuufikia, na mpera uufuate.

Umwagiliaji nao una adabu yake. Maji kidogo kidogo ya kila siku hukauka na kuacha chumvi juu ya mizizi, ilhali maji mengi yanayomiminwa kwa mara moja huisukuma chini, hasa katika mchanga kama wa kwenu. Tandaza majani makavu chini ya kila mti ili unyevu usipotee upesi. Tena, maji matamu ya visima vya mchangani yameelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, na pampu ikivuta kwa muda mrefu bila kupumzika, chumvi hupanda. Teka asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mkunazi wako uupogoe kila mwaka, kwa kuwa huzaa kwenye matawi mapya, na ukiuacha utaufunika ua mzima kwa miiba.

Swali kutoka Maweni, Malindi: Nimeona picha za bustani zenye stroberi na bluberi zilizopandwa pamoja. Naweza kufanya hivyo hapa?

Jibu: Sikushauri. Bluberi hutaka udongo wenye asidi, wa kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5, na ardhi yetu ya matumbawe iko upande wa pili kabisa wa kipimo hicho. Stroberi hupenda usiku wa baridi, na ndiyo maana hustawi katika nyanda za juu kama Limuru; huku kwetu itatoa majani tu na kukusononesha. Fedha hizo zitumie kwa mforsadi, ambao huota kwa kijiti kilichokatwa, na ukiupogoa baada ya mavuno huchipua na kuzaa tena. Mzambarau pia ungefaa, lakini ni mti mkubwa mno kwa ua wa nyumba ya mjini.

Swali kutoka Ganda, Malindi: Maembe na mapera yangu yote yana funza. Nimepanda mwembe, mpera na mkungu wa kivuli karibu karibu. Je, ukaribu huo ndio kosa?

Jibu: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye alionekana nchini Kenya mwaka 2003, hutaga mayai chini ya ganda la tunda; funza wakishakomaa hushuka na kujificha udongoni hadi wageuke nzi. Nzi huyo hula maembe, mapera na hata kungu, na kwa kuwa miti hiyo mitatu haizai kwa wakati mmoja, umemwandalia chakula karibu mwaka mzima. Sikuambii uukate mkungu, maana kivuli chake kina thamani yake, lakini kila tunda lililoanguka lazima liokotwe siku hiyo hiyo. Lifukie katika shimo la kina cha nusu mita au zaidi, au litie katika ndoo yenye kifuniko kinachobana kisha uiache juani kwa siku kadhaa. Mapera machanga yafunge kwa mifuko ya karatasi. Mitego mingi ya chambo inayouzwa madukani huvuta madume peke yao, kwa hiyo haitoshi ukiitumia pasipo usafi huo. Kuku nao wakiachwa chini ya miti huparua na kula mabuu, na maji moto, wale siafu wekundu wa mitini wanaotukera wakati wa kuchuma, huwafukuza nzi; waache mwembeni.

Swali kutoka Langoni, Lamu: Mpapai wangu una maua mengi ya kuning'inia lakini hauzai.

Jibu: Huo ni dume. Wakati mwingine panda miche mitatu katika shimo moja, usubiri maua, kisha ubakishe ulio jike. Dume moja hutosha majike kumi hivi.

Swali kutoka Mambrui: Pesheni yangu ya manjano imepanda juu ya mndimu na kuchanua sana, lakini matunda sioni.

Jibu: Pesheni ya manjano haijichavushi yenyewe: inahitaji mche mwingine uliotoka kwenye mbegu tofauti, pamoja na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao hupaswi kuwaua. Iondoe mndimuni, kwa sababu huuzibia mwanga, uiegemeze kwenye ua wa waya, na mche wa pili uupande masika yakianza mwezi wa Aprili.