Usimtoe mtoto mchezoni

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali, nilikuwa nawapanga watoto mstari mmoja mrefu, mbele yao nimelaza tairi la kuruka. Watoto 40, tairi moja. Anaruka mmoja, waliobaki wamesimama juani wanasukumana. Kipindi kiliisha kwa vilio na goti lililochunika, nami nikarudi ofisini nikilalamika kwamba watoto wa mwaka ule ni watundu. Hawakuwa watundu, walikuwa wamechoka kusubiri.

Tangu siku hiyo nina kanuni mbili: hakuna foleni, na hakuna anayetolewa.

Hili la kutolewa ndilo linaloniuma zaidi. Michezo yetu mingi ina "umetoka, kaa pembeni". Kwa darasa la nne sawa, wale wanapenda kushindana. Kwa mtoto wa miaka minne, anayetoka wa kwanza kila siku ni yuleyule: mwenye mwili mzito, mdogo kuliko wenzake, au anayechelewa kuelewa maelekezo. Nilikuwa na binti mmoja aliyefikia hatua ya kwenda mwenyewe kukaa kwenye mzizi wa mwarobaini kabla mchezo haujaanza. Na katika darasa lile hakuna aliyehitaji kuruka kuliko yeye.

Basi nikaugeuza mchezo wa nyama. Naita "Nyama, nyama, nyama!", wanaitika "Nyama!" huku wakiruka. Nikitaja ng'ombe au mbuzi, wanaruka. Nikitaja paka, wanaganda. Zamani aliyeruka kwa paka alitoka. Sasa anatambaa kama paka kwa mikono na magoti mpaka kwenye mwarobaini, anarudi, anaendelea kucheza. Wapo wanaokosea makusudi ili watambae. Waache! Kutambaa kunakaza mabega na viganja, na mkono huohuo ndio utakaoshika penseli. Yule binti wiki ya pili alikuwa anakwenda njia nzima akilia nyau, magoti yamejaa vumbi, hataki kuinuka.

Kuhusu mpira, usianze na mdogo mgumu. Watoto wa umri huu wengi hudaka kwa kukumbatia kifuani, si kwa viganja, na mpira ukimpiga mtoto usoni mara moja atafumba macho kila ukirushwa. Jaza matambara kwenye soksi kuukuu, ufunge vizuri, uwe na ukubwa wa dafu. Kisha chukua kanga, watoto sita washike pindo, mpira ukae katikati, waurushe juu na kuudaka kwa kanga. Hapo hakuna anayesubiri zamu, na mwenye woga anabebwa na wenzake.

Mwingine wanaoupenda ni wa vizibo vya soda. Vimwage katikati ya uwanja, kila kundi liwe na ndoo yake pembeni. Wote wanakimbia kwa pamoja, lakini unachukua kizibo kimoja tu kila safari. Vikiisha, wanahesabu vya kwao, na somo la hesabu limeshaanza.

Filimbi niliiacha. Napiga ndoo kama ngoma: ikilia wanakwenda, ikinyamaza wanaganda. Uwanja upitie mwenyewe kwanza uokote vipande vya chupa na misumari, na ucheze nao asubuhi kabla jua halijakaza.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka mitatu au minne atumie angalau dakika 180 kwa siku katika shughuli za kuchangamsha mwili, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu. Kipindi changu ni dakika 20. Ndiyo maana nawaomba sana wazazi: mtoto akishuka kwenye basi la shule, asipitilize kwenye katuni mpaka usiku. Mwache acheze kombolela na wenzake, mtume kwa jirani, abebe kidumu cha lita moja.

Mwisho wa kipindi nawalaza mkekani, kila mmoja mkono kifuani, tusikilize moyo. Uwanja unatulia kabisa. "Mwalimu, wangu bado unakimbia," mmoja aliniambia kwa kunong'ona. Tukausubiri upunguze mwendo, ndipo tukaenda kunawa mikono tunywe uji.