Pseudomonas iliyokunjamana na kuacha kuogelea: usiitupe bado

Pole, ndugu. Umesema koloni zako za bakteria Pseudomonas aeruginosa zimekunjamana, hazitawanyiki tena kwenye agari laini (jeli ya kuoteshea bakteria), na msimamizi anadhani zimechafuliwa. Huenda ni hivyo, lakini nilishawahi kuona hali hiyohiyo, na chanzo kilikuwa badiliko la jeni.

Ndani ya bakteria huyu kuna mjumbe mdogo, saikliki di-GMP, aliyegunduliwa mwaka 1987 na kundi la Moshe Benziman huko Yerusalemu. Vimeng'enya vyenye kipande cha protini kiitwacho GGDEF humtengeneza kutoka molekuli 2 za GTP (kemikali ya nishati ya seli). Vyenye kipande kiitwacho EAL humvunja. Akiwa mchache, bakteria huogelea. Akizidi, hujishika kwenye protini FleQ: kazi ya jeni za flajela (mikia ya kuogelea) hupunguzwa, na za kutengeneza gundi ya utando unaoshikanisha bakteria hufunguliwa. Jeni wspF ikiharibika, kimeng'enya WspR humzalisha mjumbe huyo bila breki, na koloni hukunjamana.

Kwanza rudi kwenye akiba ya friza ya nyuzi -80, uioteshe sambamba na hizi. Kisha pima zote mbili kwenye agari ya asilimia 0.3 na kwenye sahani yenye rangi ya Kongo nyekundu, ambayo hunaswa na gundi hiyo. Zikitofautiana, tuma wspF isomwe mfuatano, pamoja na 16S (jeni inayotambulisha aina ya bakteria) kuondoa shaka ya uchafu. Na acha kupandikiza tena na tena kutoka sahani kuukuu! Hapo ndipo mabadiliko hujipenyeza.

Tafadhali vaa miwani ya kinga. Bakteria huyu akikurukia jichoni, hasa ukiwa umevaa lenzi za macho, osha kwa maji mengi na umwone daktari siku hiyohiyo.