Plagi ya gari ikigoma kutoka, usiivute

Shangazi yangu alifariki Pangani usiku wa kuamkia Jumamosi, na maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Kutoka kwetu Sahare, jijini Tanga, hadi Pangani ni kilomita 50 na kidogo. Gari langu la umeme lilikuwa na chaji ya kwenda na kurudi, lakini asubuhi ile halikusogea hata hatua moja, maana plagi ya kuchajia iling'ang'ania kwenye tundu lake. Magari haya hayakubali kuingia gia plagi ikiwa bado imechomekwa. Plagi ikinasa, gari nalo limenasa.

Nikafanya kile ambacho mikono hufanya yenyewe: nikavuta. Nikashika mpini kwa mikono miwili, nikavuta tena. Jirani akatoka kwake kunisaidia, tukavuta wawili kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Mdogo wangu akaleta bisibisi, akawa anaichokonoa pembeni. Tukasikia plastiki ikilia, ta, tukajua kitu kimepasuka, na plagi bado iko palepale. Mke wangu alikuwa ameshavaa, amesimama mlangoni. "Baba, muda unakwenda. Liacheni hilo gari." Tukakodi gari la mtu. Nilifika jeneza limeshatoka nyumbani, nikaliwahi njiani kuelekea makaburini. Uso wa shangazi sikuuona tena.

Ndiyo maana nayasema haya kwa uchungu kidogo. Saa nzima niliyoipoteza kwa kuvuta ingetosha kabisa kuitoa plagi ile kwa utaratibu, kama ningejua inashikiliwa na nini.

Siku ya pili yake nilikwenda Ngamiani kwa fundi umeme wa magari, mzee niliyemfahamu tangu enzi za gari langu la petroli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaivuta?"

"Tumeivuta sana."

"Haya, leo tutaisukuma."

Alinieleza kwa mfano wa komeo. Mlango wa mbao ukivimba kwa mvua za masika, komeo linabanwa. Ukiuvuta mlango kwako huku unataka komeo lisogee, halisogei, kwa kuwa uzito wote wa mlango umelilalia. Unausukuma mlango kidogo kuelekea kwenye fremu, komeo linapata nafasi, linateleza lenyewe. Plagi ya gari ni hivyohivyo. Kwenye plagi za Aina ya 1, zile za pini tano zilizo kwenye magari mengi tunayoagiza Japani, juu ya plagi kuna kulabu ndogo inayoshika ukingo wa tundu. Ukibonyeza kitufe cha mpini, kulabu inainuka. Gari lenye kufuli linaweka pini ndogo juu ya kulabu ili isiinuke. Kwenye Aina ya 2, ile ya pini saba iliyotoka Ulaya, pini ya kufuli inaingia moja kwa moja kwenye tundu dogo lililo kwenye mwili wa plagi. Kote huko pini inasogezwa na mota ndogo sana, ya nguvu ya kusogeza kijipande cha plastiki tu. Ukivuta plagi, unaikandamiza pini, na mota haina ubavu wa kushindana na wewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa: zima umeme ukutani, kwenye swichi ya soketi au kwenye sakiti breka. Kamwe usipambane na plagi inayopitisha umeme. Kisha inua kebo kwa mkono mmoja ili uzito wake usining'inie kwenye tundu, sukuma plagi ndani mpaka mwisho, na ukiwa bado unasukuma, bonyeza kufungua milango kwa rimoti. Sikiliza. Mota ikisogea utasikia mlio mdogo wa kufuli. Baada ya mlio ndipo ubonyeze kitufe cha mpini, kama plagi yako inacho, na uitoe taratibu kwa mstari ulionyooka, bila kuitikisatikisa. Ukikosa mara ya kwanza, funga milango, fungua tena, rudia mara tatu au nne. Magari mengi yamefunganisha kufuli la plagi na kufuli la milango, na kuna yenye swichi yake pembeni, kwenye deshibodi, ya kuchagua plagi ifungwe au isifungwe. Swichi hiyo inasahaulika sana.

Mzee alipokuja kwangu na kujaribu hivyo, hakukuwa na mlio wowote, na hapo ndipo alipogundua kiini cha tatizo. Watu wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili. Ipo ile kubwa inayoendesha gari, yenye volti mia kadhaa, na ipo betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote la petroli. Kufuli za milango, taa, kompyuta na kile kimota cha plagi vyote vinakula kwenye betri ndogo. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na wewe usiweze kufungua hata mlango. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika mtaani na kurudi na kukatika tena. Gari likabaki macho na plagi yake bila kupokea kitu, na betri ndogo, ambayo ilikuwa imezeeka na mimi sikuwahi kuipima, ikamalizika. Mimi nilidhani rimoti ndiyo imeisha. Tulikuwa tunavuta plagi ambayo hakuna kitu duniani kingeweza kuifungua kwa njia ya kawaida.

Dawa yake ni kuibusti ile betri ndogo kwa betri ya gari lingine. Ndani ya rimoti nyingi kuna ufunguo wa chuma uliofichwa. Uchomoe, fungua mlango wa dereva, vuta kishikio cha boneti. Kwangu betri ndogo iko chini ya boneti, lakini kuna magari ambayo iko kwenye buti. Waya nyekundu chanya kwa chanya, kisha nyeusi kutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma kitupu cha gari lako. Waya zozote za rangi ya chungwa utakazoziona humo ndani ni za betri kubwa, usiziguse hata kwa bahati mbaya. Na usije ukarudisha fadhila kwa kumbusti jirani kwa gari lako la umeme. Vitabu vya mengi ya magari haya vinakataza. Mzee alipounganisha tu, taa zikawaka, akasukuma plagi, nikabonyeza rimoti, tukausikia ule mlio. Plagi ikatoka kama imepakwa mafuta.

Kama betri ndogo ni nzima na bado kufuli halisikii, mengi ya magari yenye kufuli la plagi yana njia ya dharura ya kufungua kwa mkono. Mara nyingi ni kamba nyembamba nyuma ya kifuniko ndani ya buti, upande ule wenye tundu la kuchajia, au ni sehemu chini ya boneti, karibu na tundu lenyewe. Inavutwa polepole, umeme ukiwa umezimwa.

Bisibisi isiingie kwenye tundu. Nyundo na plaizi zibaki kwenye sanduku lake. Usimwage maji, wala usipake mafuta ya kula au grisi kwenye pini, maana grisi inakusanya mchanga na mchanga ndio unaoleta mnaso mwingine. Na ukiona plastiki imeyeyuka au inanuka kuungua, acha kila kitu, zima umeme, mwite fundi. Plagi iliyoyeyuka imeshikana na tundu, hakuna komeo la kulegeza pale.

Hapa pwani tuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Mzee alinionyesha kutu ya kijani kwenye pini zangu, na chumvi imeganda pale kulabu inapokaa. Sasa sitandazi kebo chini kwenye mchanga. Nikimaliza kuchaji naifunga plagi kwa kifuniko chake, na kila wiki, ikiwa haijaunganishwa popote, naisugua kwa mswaki mkavu na kitambaa. Uzito wa kebo nimeuondoa kwa kitanzi cha kamba ya katani nilichofunga kwenye nguzo ya baraza. Kebo inapita juu yake, na plagi inakaa kwenye tundu bila kuvutwa chini usiku kucha. Naamini hicho kitanzi kimenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Jambo jingine linalowahusu walioagiza kutoka Japani: kebo inayokuja na gari imetengenezwa kwa umeme wa huko, volti 100 au 200, na wetu ni 230. Soma kilichoandikwa kwenye kiboksi cha kebo kabla ya kubadilisha kichwa cha plagi. Usichaji kwa ekstensheni. Kebo ya ampea 10 inavuta umeme huo kwa saa nane mfululizo, na soketi iliyolegea inapata moto. Baada ya nusu saa, gusa plagi ya ukutani na mpini wa gari. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, zima.

Plagi yangu ya zamani siitumii tena. Ufa wake hauzidi urefu wa ukucha, lakini unyevu wa bahari unapita hapo hadi kwenye pini. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani mwanzo mwisho, nikakipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukitafsiri kwa simu mpaka nikapata ule unaoonyesha mahali pa kufungulia kwa mkono. Nimeuandika upya kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, nimeiweka kwenye droo ya gari pamoja na waya za kubusti. Mke wangu ameshajaribu mara mbili, mchana na usiku kwa tochi ya simu, na mdogo wangu ndiye anayefuata.