Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa Nyumba ya Wageni

SWALI: Tuna nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Ruta moja inahudumia wageni, kompyuta ya mapokezi na kamera za ulinzi. Fundi alifungua poti 3389 (mlango wa kuiendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali) ili mhasibu wetu aliye Mombasa aingie kwenye kompyuta hiyo. Sasa kila mara tunakuta akaunti imejifunga kwa sababu nenosiri limekosewa mno. Fundi anashauri tubadili namba ya poti. Yatosha, au tununue fayawoli, kifaa cha kuzuia wavamizi wa mtandao?

JIBU: Haitoshi, na fayawoli msinunue kwanza. Wapo wanaopekua intaneti nzima kwa programu, usiku na mchana, na poti zote ni 65,535 tu, mkihama watawafuata. Ifungeni leo hii, mhasibu avumilie. Zimeni pia UPnP kwenye ruta, maana huruhusu kamera kujifungulia poti bila kuuliza mtu, na mbadilishe nenosiri la kiwandani la ruta na la kila kamera. Programu hasidi iitwayo Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera kwa manenosiri hayohayo.

Kisha chunguzeni kama mtu ameshaingia, na hapa msifanye haraka. Katika kumbukumbu za usalama za Windows, tukio 4625 ni jaribio lililoshindwa, 4624 ni lililofaulu. Mkiona 4624 yenye anwani ya nje ambayo si ya mhasibu, chomoeni waya wa mtandao. Antivairasi peke yake haiaminiki tena: Windows iwekwe upya, na manenosiri yote yaliyotumika humo yabadilishwe kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa nakala za pasipoti za wageni zimechukuliwa na wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data.

Mhasibu arudi kwa VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti inayofunguliwa kwa ufunguo. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, kwa kawaida poti 51820 ya UDP, haimjibu asiye na ufunguo, hivyo mpekuzi haoni kitu. Kila mtu awe na ufunguo wake. Akiacha kazi, mnafuta wake tu. Ikiwa ruta yenu haina VPN yoyote, hapo sasa mna sababu ya kununua nyingine.

Wageni watengewe mtandao wao. Jina la pili la waifai si utenganisho: jiungeni na waifai ya wageni kwa simu, mjaribu kufungua anwani ya kamera. Ikifunguka, fundi hajamaliza. Mwulizeni pia kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwani ruta nyingine huwa na kanuni zake mbali, na kilichofungwa kwenye IPv4, mfumo wa zamani, huweza kubaki wazi huko.